Natimiza 65 Novemba na boksi la barua limejaa: hii AARP ni chama, ni bima au ni duka?

MamaWawili ameandika:

Shikamooni wakubwa zangu, na wenzangu hamjambo.

Novemba hii ya 2025, Mungu akinijalia, natimiza miaka 65. Nipo Texas, pembeni ya Dallas. Nilifika 1999, na tangu 2001 nafanya kazi ya kuhudumia wazee kwenye nyumba ya matunzo: kuogesha, kugeuza kitandani, kulisha, kubadilisha shuka. Mgongo sasa umeanza kunidai. Nikiinama kumvalisha mtu soksi, nainuka kwa awamu mbili.

Kilichonifanya niandike ni barua. Nina boksi la viatu chini ya meza ambalo tangu Juni limejaa, na sasa nimeanza la pili. Kila siku bahasha mbili, tatu. Nyingine zina rangi na mihuri ya kukutisha, unadhani umeitwa na serikali, ukifungua ni wakala wa bima anataka namba yako ya simu. Ila hawa AARP ndio hawachoki. Walianza kunifuata nilipofika 50, wakaniletea kadi yenye jina langu tayari, nikadhani nimeingizwa kwenye deni. Niliikata kwa mkasi vipande vinne. Miaka 15 baadaye bado wanaandika, na sasa kuna bahasha nyingine ina jina la AARP na jina la kampuni ya bima ya UnitedHealthcare pamoja. Hapo ndipo nimepotea kabisa. Hiki ni chama cha kutetea wazee au kampuni ya bima?

Ushauri ninao mwingi, na kila mmoja unavuta upande wake. Mwanangu mkubwa anasema jiunge mama, ni dola 20 tu kwa mwaka, utapata punguzo la hoteli. Mimi na hoteli wapi na wapi. Ndugu mmoja tunayesali naye ni wakala wa bima, amekuja nyumbani mara mbili na kompyuta yake, ananiambia kuna mpango wa Medicare Advantage, yaani Medicare (bima ya afya ya serikali kwa wa miaka 65 na zaidi) ikiendeshwa na kampuni binafsi, wa dola sifuri kwa mwezi, una meno, una miwani, una hadi mazoezi. Anaongea lugha yetu, ananiita mama, na kusema kweli nilikaribia kutia sahihi. Kilichonizuia ni kwamba aliniharakisha. Mtu akinisukuma, mimi huwa nakaa chini.

Sasa hofu yenyewe. Karatasi ya Social Security, ule mfuko wa serikali wa mafao ya uzeeni, inasema nikianza kuchukua mafao nikiwa 65 nitapata dola 1,300 kwa mwezi, nikisubiri hadi 67 ni 1,500. Kwenye akaunti ya 401(k), akiba ya kustaafu ya kazini, nina dola 41,000, ambazo kwa wengine ni gari. Nyumba bado ina deni la miaka 9. Baba watoto alifariki 2016, alikuwa dereva wa malori ya safari ndefu. Mama yangu yuko hai nyumbani, ana miaka 88, na ningependa nikistaafu niwe nakaa naye walau miezi minne kila mwaka. Nina sukari, bado ni ya vidonge.

Na kuna ninayoyaona kazini ambayo yananinyima usingizi. Mwezi wa tatu tulikuwa na bibi mmoja aliyeletwa kutoka hospitali baada ya kuvunjika nyonga. Siku 20 za mwanzo Medicare ililipa zote. Siku ya 21 binti yake alikuja na karatasi, akasimama pale mezani kwa wauguzi. Kuanzia siku hiyo wanatakiwa kuchangia dola 209.50 kwa siku. Akaniuliza mimi, mtu wa kubadilisha shuka, "Kwa siku? Si kwa wiki?" Niliiangalia ile karatasi na yeye akawa ananiangalia mimi. Ilikuwa kwa siku. Na ikifika siku ya 100 Medicare inanawa mikono. Nimeona nyumba zikiuzwa, nimeona watoto wakigombana koridoni. Halafu nageuka naangalia ile 1,300 yangu.

Kwa hiyo naomba mnisaidie: nijiunge na hawa AARP? Bima yenye jina lao ni nzuri kuliko nyingine? Au nikae kimya na bima ya kazini mpaka mgongo uniambie basi? Msinijibu Kiingereza cha ofisini, nakisikia kutwa nzima.

MtotoWaMjini:

Mama, usijisumbue. AARP ni matangazo tu, tupa hizo barua. Wewe endelea na kazi, siku ukiacha unachukua ile COBRA, unabaki na bima ileile ya kazini kwa miezi 18, unalipia mwenyewe. Medicare ipo tu, haikimbii. Utaingia ukiwa tayari.

BabuFundi:

MtotoWaMjini, nakuheshimu, lakini huo ushauri ndio ulionigharimu mimi, na bado nalipa hadi leo. Mama, tafadhali usiufuate.

Marahaba kwanza. Mimi nina 72. Nilikuwa fundi wa mabasi. Nilifanya kazi mpaka 66, na bima ya mwajiri ilikuwa nzuri, sikuwa na sababu ya kuigusa Medicare Part B, ile sehemu ya kulipia madaktari. Machi 2019 kampuni ikapunguza watu, nikatoka. Yule binti wa ofisi ya utumishi akanipa bahasha ya COBRA, akanieleza vizuri tu kwamba naweza kubaki na bima ileile kwa kulipa bei yote mwenyewe. Nikalipa. Ilikuwa inauma, lakini nikajiambia: fundi mzuri habadilishi injini gari likiwa linatembea.

Hakuna aliyeniambia neno moja: COBRA si bima ya mtu anayefanya kazi. Sheria ya Medicare inakupa miezi minane tangu kazi au bima ya kazi iishe, kile kinachotangulia, ujiandikishe Part B bila faini. COBRA haisimamishi hiyo saa. Yangu ilianza kuhesabu ile siku niliyorudisha ufunguo wa karakana, mimi nikiwa nimelala.

COBRA iliisha Septemba 2020. Oktoba nikawapigia Social Security nikidhani najiandikisha kama mtu anayenunua tiketi. Mama wa upande wa pili alikuwa na upole sana. Akanyamaza kidogo, akasema dirisha langu lilifungwa Novemba 2019, sasa nisubiri dirisha la kila mtu, la Januari hadi Machi, na bima ianze Julai. Siku hizi wamerekebisha, inaanza mwezi unaofuata ule uliojiandikisha, lakini sisi wa wakati ule tulisubiri Julai. Kwa hiyo kuanzia Oktoba 2020 hadi Juni 2021, miezi tisa, katikati ya korona, mzee wa miaka 67 mwenye presha sikuwa na bima ya daktari. Vidonge vya presha nilivikata nusu kwa kisu cha kupakia siagi. Mke wangu alikuwa anakuta vumbi la vidonge mezani, hasemi kitu.

Halafu faini. Ni asilimia 10 kwa kila miezi 12 kamili uliyochelewa, na haiishi, unakwenda nayo kaburini. Mimi walinihesabia miezi 24, ikawa asilimia 20. Kwa mwaka 2025 Part B ilipangwa dola 185 kwa mwezi, mimi nikapangiwa 222. Hizo 37 za ziada si nyingi ukizitaja haraka haraka. Zizidishe kwa 12, halafu kwa miaka niliyobaki nayo, na kila ada inapopanda nazo zinapanda.

Kwa hiyo mama, kabla ya kuuliza AARP ni nani, jibu swali hili: nyumba ya matunzo unayofanyia kazi ina wafanyakazi 20 au zaidi? Nadhani ndiyo. Basi ukiendelea na kazi na bima yao, unaruhusiwa kuiacha Part B isubiri, hakuna faini. Siku utakayoacha kazi, usiwasikilize watu wa COBRA mpaka umeshajaza fomu ya Part B. Kama unaacha kazi mwaka huu, dirisha lako la kwanza ni miezi saba: mitatu kabla ya Novemba, Novemba yenyewe, na mitatu baada yake. Yaani limeshafunguka tangu Agosti na litafungwa mwisho wa Februari.

Part A, ile ya hospitali, hulipii kila mwezi. Umefanya kazi zaidi ya miaka 10 ukikatwa kodi, umeshamaliza zile alama 40 za kazi zinazotakiwa.

Kuhusu AARP, nina kadi yao. Naitumia kupata punguzo la kukodi gari mara moja kwa mwaka, na gazeti lao mke wangu analisoma bafuni. Hayo tu.

MpendaHesabu:

BabuFundi pole sana. Hiyo COBRA imewala wengi, na hakuna barua hata moja kwenye boksi la mama itakayomwambia, kwa sababu hakuna anayepata kamisheni kwa kukukumbusha tarehe.

Mama, umeuliza chama, bima au duka. Jibu langu: vyote vitatu, chini ya paa moja, na ndiyo maana umechanganyikiwa.

Chama ni cha kweli. Kilianzishwa 1958 na Ethel Percy Andrus, mwalimu mkuu mstaafu wa California. Kabla ya hapo, 1947, alikuwa ameanzisha chama cha walimu wastaafu. Inasimuliwa kwamba alikwenda kumtafuta mwalimu mwenzake mstaafu akamkuta anaishi kwenye banda la kuku, kwa sababu pensheni haikutosha. Wakati huo Medicare haikuwepo, ilikuja 1965, na kampuni za bima hazikutaka kabisa kumsikia mtu wa miaka 65. Mama huyu alizunguka kampuni moja baada ya nyingine akikataliwa mpaka akapata iliyokubali kuwakatia bima walimu wake kwa pamoja. Kwa hiyo bima haikuja kuongezwa baadaye kwenye chama. Ilikuwepo tangu mwanzo, ndiyo iliyokuza chama.

Leo wana wanachama karibu milioni 38, na unaweza kujiunga ukiwa na 50. Lakini AARP yenyewe si kampuni ya bima. Inaikodisha jina lake UnitedHealthcare, na inalipwa kwa hilo jina. Fedha wanazopata kwa kukodisha jina ni nyingi kuliko ada za wanachama wote. Hapo ndipo mimi nawatazama kwa jicho la pembeni. Mtu anayekutetea bungeni kuhusu bima, halafu analipwa bima ikiuzwa, si mwizi, lakini mimi siwezi kumwita shahidi huru.

Haki yao niwape. Mwaka 2005, Rais Bush alipotaka sehemu ya michango ya Social Security iingie kwenye akaunti za watu binafsi, walipambana na mpango ukafa. Na walisukuma sana sheria ya 2022, ile iliyoweka kikomo cha dola 35 kwa mwezi kwa insulini ya wenye Medicare, na kikomo cha dola 2,000 kwa mwaka 2025 kwa dawa za Part D, ile sehemu ya Medicare ya dawa. Wewe una sukari, kwa hiyo ukiingia Medicare hilo linaweza kukugusa hata kama kadi yao uliikata vipande vinne. Na hapo ndipo utamu ulipo: walichokipata kwa utetezi unakipata bila kuwa mwanachama. Upande mwingine, 2003 waliunga mkono sheria iliyoleta hiyo Part D ikiwa imeikataza Medicare kujadiliana bei na watengeneza dawa, na makumi ya maelfu ya wanachama walijitoa kwa hasira.

Wapo na wengine. Alliance for Retired Americans, cha 2001, kiko karibu na vyama vya wafanyakazi. AMAC, cha 2007, ni cha wenye mrengo wa kihafidhina. Kila mmoja atakwambia ndiye sauti yako. Dola 20 haitakuua, jiunge ukipenda gazeti. Ila usijiunge kwa kuogopa.

DadaMshauri:

Shikamoo mama. Mimi najitolea kushauri watu kuhusu Medicare hapa hapa Texas, kwenye mpango wa bure wa serikali. Kitaifa unaitwa SHIP, Texas tunauita HICAP. Hatuuzi kitu na hatulipwi ukichagua hiki au kile. Nitakwenda moja kwa moja kwenye yaliyo yako.

Uliuliza kama bima yenye jina la AARP ni nzuri kuliko nyingine. Kwa Medigap, yaani bima ya kuziba mapengo ya Medicare, jibu litakushangaza: sheria imezipanga kwa herufi, na Plan G ya kampuni hii inalipia kile kile inacholipia Plan G ya kampuni ile. Herufi ikiwa moja, unanunua bei na huduma ya simu, basi. Ile ya AARP inataka uwe mwanachama, kwa hiyo hapo dola 20 inakuwa sehemu ya bei. Uliza maswali mawili kwa kila kampuni: bei inapanda kwa sababu ya umri wangu? Na punguzo mnalonipa mwaka wa kwanza linapungua vipi? Wengi huuliza bei ya leo tu, na bei ya leo ndiyo nzuri kuliko zote utakazoona.

Sasa sikiliza hili kuliko yote. Una miezi sita, inayoanza mwezi ambao una 65 na Part B imeanza, ambamo kampuni yoyote ya Medigap lazima ikuchukue, sukari au hakuna sukari, mgongo au hakuna mgongo. Ikipita, Texas wanaruhusiwa kukuuliza maswali ya afya na kukukataa. Zipo njia za pembeni, lakini ni chache. Ndiyo maana yule ndugu wa kanisani aliniogopesha niliposoma. Si kwamba Advantage ni mbaya. Nina watu wengi inawafaa, hasa asiye na uwezo wa kulipa Medigap kila mwezi. Lakini ni lazima ujue unachoacha. Huko mara nyingi unabaki na madaktari wa mtandao wao, yaani wenye mkataba na kampuni, unasubiri kibali kabla ya vipimo na matibabu mengi, na ukiugua kweli, kwa mwaka 2025 unaweza kufika hadi dola 9,350 za mfukoni kwa huduma za ndani ya mtandao. Ukiingia Advantage mara ya kwanza ukiwa 65 unayo miezi 12 ya kujaribu na kurudi ukiwa na haki ya Medigap. Baada ya hapo, kurudi Medicare ya asili, ile ya serikali yenyewe, utaweza, ila Medigap inaweza kukufungia mlango. Wakala wa dola sifuri mara nyingi anasahau sentensi hiyo ya mwisho.

Na hiyo safari ya kwa mama: Medicare kwa kawaida hailipi ukiwa nje ya Marekani. Plan G ina kipengele kidogo cha dharura nje ya nchi, asilimia 80 baada ya dola 250 za kwanza, lakini ni kwa siku 60 za mwanzo wa safari na kikomo cha dola 50,000 maisha yako yote. Wewe unasema miezi minne. Siku 60 za mwisho utakuwa mikono mitupu, utahitaji bima nyingine ya huko.

Nimebakiza kitu ambacho hukuuliza. Umesema baba watoto alikuwa dereva wa malori, alifariki 2016. Je, uliwahi kwenda Social Security kuuliza mafao ya mjane? Hufungui kwa mtandao, lazima upige simu au uende. Kwa mjane sheria inaruhusu uchukue mafao yake kwanza, ya kwako uyaache yakue hadi 70, halafu uhamie kwenye yako kama yatakuwa makubwa. Ile 1,500 ya kwako ukisubiri hadi 70 inafika 1,860. Au kinyume chake, kama ya marehemu ni makubwa zaidi. Tahadhari moja: ukiwa bado kazini na hujafika umri kamili wa kustaafu, kwako 67, kuna kikomo cha mshahara, kwa mwaka 2025 kiliwekwa dola 23,400, na kila dola mbili unazozidisha wanazuia moja. Tuseme unapata 38,000, watazuia 7,300 kwa mwaka. Kwa hiyo tarehe ya kuacha kazi na tarehe ya kuomba zipangwe pamoja.

Na hesabu yao inachukua miaka 35 ya mapato. Wewe una 24, kwa hiyo 11 zimeandikwa sifuri. Kila mwaka unaoongeza unafuta sifuri moja. Sisemi uue mgongo kwa ajili hiyo, nasema ulijue.

Ipo pia misaada ya kulipiwa Part B kwa wenye kipato kidogo. Kipato chako kinaweza kuingia, lakini akiba inaangaliwa: mpaka kwa mtu mmoja kwa mwaka 2025 uliwekwa dola 9,660. Nyumba unayoishi haihesabiwi, 401(k) kwa kawaida inahesabiwa. Utuletee karatasi tuangalie.

MtotoWaMjini:

BabuFundi nimekosa, mzee wangu. Nilimwambia mama yangu mzazi hivyo hivyo mwezi uliopita. Ngoja nimpigie sasa hivi.

BabuFundi:

Piga. Muulize tarehe aliyoacha kazi, si tarehe COBRA inapoisha.

MamaWawili:

Nimesoma yote mara mbili, mara ya pili kwa miwani. Asanteni sana. BabuFundi, hicho kisu cha siagi kimenikaa kooni.

Nimepiga simu HICAP, nimepewa nafasi Jumanne asubuhi nikitoka zamu ya usiku. Wameniambia nije na orodha ya vidonge vyangu, kadi ya bima ya kazini na ile karatasi ya Social Security. Kazini nimeuliza, tuko zaidi ya 100, kwa hiyo Part B inaweza kunisubiri nikibaki. Lakini nimeamua sitabaki zaidi ya Februari. Nitaingia Part B na Medigap kwa pamoja, ndani ya ile miezi sita, nilinganishe Plan G tatu au nne, ya AARP ikiwemo. Ikiwa rahisi nitalipa hiyo 20 yao na kadi sitaikata tena. Isipokuwa rahisi, kwaheri.

Dada, kuhusu mafao ya marehemu, nilikaa kitandani nikahesabu. Nilitimiza 60 mwaka 2020. Miaka mitano hii yote hakuna aliyeniambia, na mimi sikuuliza, nilidhani ni kitu cha wake wa wanajeshi. Najua mshahara wangu ungekula sehemu, lakini sehemu nyingine ingebaki. Wananiambia hawatarudi nyuma kunilipa hayo. Nimelia kidogo, nikaenda kuoga, nikaenda kazini.

Ndugu wa kanisani alipiga tena jana, anasema nafasi inakwisha. Nikamuuliza: ukiniandikisha Advantage halafu baada ya miaka mitatu nikataka Medigap nikiwa na sukari, hapa Texas watanichukua? Akasema atanipigia baadaye kidogo. Mpaka sasa hajapiga.

Swali dogo la mwisho: haya maboksi mawili ya barua nichome au niende nayo Jumanne?

DadaMshauri:

Njoo na ya mwezi huu tu mama, na yoyote iliyotoka Social Security au Medicare yenyewe. Zilizobaki zikate kabla ya kutupa, zina jina lako na anwani yako. Mkasi najua unao.